Mashavu na Mfereji wa Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na mashamba yao, aliishi chura jike aitwaye Mashavu. Makazi yake yalikuwa kinamasi chenye matete marefu, na humo alilelea viluwiluwi wake.

Jirani zake, Tembo na Nyati, walikitamani kile kinamasi wapande mahindi. Wakachimba mfereji mkubwa. Maji yakatoka, shaaa! yakateremkia bondeni.

"Jamani, majirani!" Mashavu alilia. "Watoto wangu hawajaota hata miguu. Watahamia wapi?"

"Tuondokee hapa!" Nyati alifoka. "Matope na mbu tu, unalilia nini?"

Tembo akacheka mpaka masikio yakapigapiga. "Watafutie sufuria wakae humo!"

Matete yakanyauka. Korongo wakaruka, wakaenda zao bila kuaga. Mashavu akawa anawabeba wanawe mgongoni kutoka dimbwi hadi dimbwi, na kila alikofika maji yalikuwa machache kuliko alikotoka.

Asubuhi moja aliwaacha wanawe katika dimbwi la mwisho, akaingia nyumbani kwa Tembo. Mtungi ulikuwa mtupu, maana kisima chao nacho kilikuwa kimekauka tangu maji ya kinamasi yaondoke. Akarukia ndani, tumbu!

Tembo na Nyati walipokuja kutafuta maji ya kunywa, Mashavu alivimbisha koo.

"KROOO! Nani amenitoboa tumbo?"

Mtungi mzima ukavuma. Nyati akarudi kinyumenyume. "Mama yangu! Ni nani wewe?"

"Mimi ni Mzimu wa Maji! Mmenitoboa kwa mfereji wenu, nami nimekimeza kisima chenu. Msipouziba leo hii, nitakunywa damu zenu!"

"Tunaziba, bwana mkubwa! Tunaziba!" Tembo aliomba.

Wakatimka, vumbi tititi! Wakasukuma mawe, wakamwaga udongo, hata chakula hawakukumbuka, mpaka mfereji ukazibika.

Mashavu akatoka mtungini akirukaruka kwa furaha. Akafika kwenye dimbwi alikowaacha wanawe. Halikuwapo tena. Palikuwa na tope lililopasuka, na juu yake viluwiluwi wamekauka, weusi kama mbegu za papai.

"Amkeni, wanangu! Maji yanakuja!"

Hakuna aliyetikisika.

Maji yakaja kweli, polepole, kutoka kwenye chemchemi iliyolisha kinamasi. Yakawafunika wote. Mashavu akaketi katikati ya kinamasi, akaita mpaka sauti ikamkauka, wala hakuitikiwa.

Nami naishia hapo alipoketi. Kilindeni kinamasi kingali hai, wanangu, maana maji hurudi, lakini waliokufa kwa kuyakosa hawarudi.