Mgeni Rasmi wa Kiwanda cha Ukwaju

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuulizana habari za asubuhi kama sisi, Pimbi alikuwa na kiwanda cha maji ya ukwaju. Kilikuwa chini ya majabali, kando ya mkondo. Pimbi aliloweka ukwaju, akauchuja, akaujaza katika chupa za kioo cheusi, maana kinywaji hicho hakipendi jua.

Kiwanda hakikuuza chupa, kiliziazima. Na katika bonde lile, kama ilivyo kwetu, ukiletewa kitu na jirani, chombo chake humrudishii kitupu. Kanga alirudisha chupa na punje za mtama ndani. Kindi alitia kokwa za ukwaju. Kobe, ambaye kila mara alifika kwa kuchelewa, alitia japo chumvi. Pimbi alishukuru, akasuuza chupa, akaijaza tena. Chupa aliyonywea babu, mjukuu wake aliikuta. Hilo Pimbi alijivunia kuliko utamu wa ukwaju wake.

Taabu ililetwa na wakubwa. Kiboko, Tembo na Nyati walikunywa kuliko wote, na kwa uchoyo hawakuwa na wenzao. Walipofikiria kwamba watalazimika kutia kitu ndani ya chupa, roho iliwauma. Basi walipomaliza kunywa, waliitupa bwawani. Chubwi! Wakiulizwa, walisema imepotea, na chombo kilichopotea hakidaiwi kitu ndani yake.

Bwawa hilo ndilo lililopokea maji ya chemchemi kutoka mlimani na kuyateremsha mpaka kiwandani na kwenye nyumba za wadogo. Chupa zilizama, tope likazijaza na kuzishika pamoja, mwisho zikaziba mdomo wa mkondo. Kiangazi kilipofika, maji yaliyoshuka yalikuwa matone. Ti. Ti. Ti.

Wadogo walikutana mbele ya kiwanda. Wengi walisema hakuna la kufanya isipokuwa kuhamia ng'ambo ya mlima. Lakini Kanga alikuwa analalia mayai, na mayai hayahamishwi.

"Dada Pimbi," alisema, "mimi nitaondoka wa mwisho. Lakini nikiondoka, nimewaacha wanangu."

Pimbi alikwenda bwawani, akaingia mwenyewe kutafuta chupa. Tope lilimfika shingoni kabla hajagusa hata moja, na Kindi akamvuta kwa fimbo. Hapo alielewa kwamba kazi ile iliwataka wenye miguu mikubwa, na wenye miguu mikubwa wasingeifanya kwa kuombwa.

Alijifuta, akaenda kwa Kiboko, akapiga hodi.

"Karibu, kijukuu," alisema Kiboko. "Ukwaju wangu uko wapi?"

"Shikamoo, mzee. Sikuja nao. Chupa zimekwisha."

Akamweleza kwamba kiwanda kinaandaa sherehe, na sherehe haifai bila mgeni rasmi. Mgeni huyo atakaa mbele, atapewa kiti chenye mto, atahutubia, na atakunywa kabla ya wote. Atakuwa yule atakayerudisha chupa nyingi kuliko wenzake, zikiwa na kitu ndani kama ilivyo desturi.

Kiboko aliuliza kitu gani.

"Chochote unachoona kinakustahili, mzee. Wengine watatia asali. Mimi sitaweza kukagua. Moshi wa jikoni umeniharibu macho, na chupa zenyewe ni nyeusi. Nitapima uzito kwa mkono, basi."

"Uzito tu?"

"Uzito tu. Nani atakuwa na moyo wa kumdanganya mdogo kama mimi?"

Kiboko alikohoa, akageukia upande wa pili ili asionekane anacheka.

Kutoka hapo Pimbi alikwenda kwa Tembo, kisha kwa Nyati. Aliwaambia maneno yaleyale, akaongeza moja: kwamba Mzee Kiboko ameshaanza.

Wanangu, mngeliona bwawa lile. Kiboko alizama, chubwi, akaibuka na chupa imejaa tope pomoni. Akaifunga mdomo kwa jani, ionekane ya heshima. Tembo alikoroga kwa mkonga, fyuu, akatoa nne kwa mpigo. Nyati alichimbua kwa kwato na kuwarushia wenzake matope usoni. Kila mmoja aliamini ni yeye peke yake aliyebuni ujanja ule, na alipoona wenzake wamebuni huohuo, alizidisha mwendo. Walipigania chupa za pembeni, wakapigania za katikati, mwisho wakapigania zile zilizoshikana kwenye mdomo wa mkondo, wakazing'oa kwa nguvu zao wote watatu.

Kreti baada ya kreti zilifika kiwandani. Pimbi alisimama mlangoni na kupima kila chupa kwa mkono.

"Asali hii nzito, Bwana Nyati," alisema.

"Ya msituni," alijibu Nyati, akatazama juu kana kwamba anatafuta mawingu.

Siku ya sherehe Kiboko ndiye aliyeshinda. Alikaa kwenye kiti chenye mto, akanywa kabla ya wote, akaombwa ahutubie. Alisimama, lakini hotuba haikutoka. Kilichotoka ni kicheko.

"Pimbi," alisema alipopata pumzi, "ulipokea tope. Hamna asali humo, hamna mtama. Tope tupu la bwawani. Nimekalia kiti chako bure."

Tembo na Nyati nao walicheka, kwa kwa kwa, mpaka Tembo akakosa pa kuegemea akaketi chini, puu. Pimbi alingoja wamalize.

"Nilijua, mzee," alisema. "Sasa nyamazeni kidogo, msikilize."

Walinyamaza. Nyuma ya kiwanda mkondo ulikuwa unashuka, churururu, umejaa kama wakati wa masika. Kanga alikuwa ukingoni akiwanywesha vifaranga wake. Pimbi aliwaonyesha bustani pembeni: tope lao lilikuwa limemwagwa hapo na kupandwa miche ya mikwaju, safu kwa safu. Kisha akawaambia watazame chupa walizoshika. Ndizo zilezile walizozitupa. Hakuna hata moja mpya iliyotengenezwa kwa sherehe ile.

Nyati aliiweka yake chini polepole. Tembo alijifanya anafuta mkonga.

"Kwa hiyo," aliuliza Kiboko, "mkondo huu nimeufungua mimi?"

"Umeufungua wewe, mzee, na wenzako."

"Basi waambie watu."

Pimbi aliwatangazia, kwa sauti na kwa dhati, kwa sababu ilikuwa kweli. Wadogo walipiga vigelegele. Kiboko alikaa tena kitini, kifua mbele, na tangu siku ile aliyethubutu kutupa chupa bwawani alikutana na kinywa cha Kiboko kikiwa wazi.

Hapo ndipo tulipofikia, wanangu, na funzo ni hili: anayedhani anamcheka mdogo, mara nyingi anamfanyia kazi yake.