Bi Furu Ampeleka Sangara Kilindini

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati samaki walipokuwa na nyumba na milango, Sangara alihamia kwenye matete ya ziwa. Tumbo lake kama pipa! Kila asubuhi alibisha mlango mmoja, na nyumba ile ikabaki kimya.

Siku moja, gogogo! Ikawa zamu ya Bi Furu, mjane, samaki mdogo kama kidole, wa rangi ya buluu.

"Watoto wako watano, watoke," Sangara akaamuru.

"Karibu, Bwana Mkubwa," Bi Furu akajibu, mwili wake ukiziba mlango. "Lakini hawa ni miiba mitupu, watakukwama kooni. Kwetu kilindini, nilikozaliwa, wako samaki wanono. Wamejipanga wima, wanangoja tu."

"Wananingoja mimi?"

"Twende ukaone."

Wakashuka. Maji yakawa ya kijani, kisha ya njano, kisha mekundu yenye giza kama chai ya rangi. Macho ya Sangara yalizoea mwanga mweupe wa juu. Huku hayakushika kitu. Na buluu ya Bi Furu ikafifia, ikafifia, ikatoweka.

"We Bi Furu! Umekwenda wapi?"

"Nipo mbele ya pua yako."

Sauti tu! Lakini macho ya Bi Furu yalikulia humo. Kwa ule wekundu mdogo aliona kila kitu: tope, mawe, na wavu wa wavuvi uliosimama kama ukuta. Ndani yake walining'inia samaki wakubwa, macho wazi, midomo wazi.

Sangara alipokaribia, akaona vivuli tu.

"Mbona hawatikisi mapezi?"

"Wanakuonea haya, mgeni."

"Mbona hawaitikii salamu?"

"Sogea. Ukifika kati yao utajua."

Bi Furu akapenya katika jicho la wavu, moyo ukimdunda du! du! du! Sangara akaifuata sauti kwa pupa. Twaa! Nyuzi zikamkaba mashavuni.

"Bi Furu! Nitoe! Sioni!"

"Mimi nakuona," sauti ikajibu gizani.

Kitu cha baridi kikamgusa ubavuni. Alikuwa sangara mwenzake, amekufa siku nyingi. Kisha wavu ukaanza kupanda, taratibu, vuuu, pamoja na wote waliomo.

Bi Furu alirudi nyumbani bila kucheka. Aliwakumbatia watoto wake mmoja mmoja.

Basi wanangu, usimfuate unayemdharau mpaka kwao, maana huko yeye anaona na wewe huoni.