Halua ya Kipangani

Bwana Fakihi, tajiri mwenye duka la halua mjini Shumbani, alijua halua ya kwao haina mfano, na hakuwahi kujisumbua kuonja ya wengine. Siku ya soko alimwamuru Mwanakheri, mpishi kutoka kijiji cha Kipangani, aache kuuza halua yake pale.

“Tushindanishe kwanza,” Mwanakheri akasema. “Itakayoshindwa isiuzwe tena. Mwamuzi awe wewe, mjuzi wetu.”

“Umejikaanga mwenyewe, bibi wee!”

Mwanakheri akaleta sahani mbili za halua, yake na ya dukani kwa Fakihi. Moja ilifunikwa kwa kawa jekundu, kama yanavyosukwa Shumbani, nyingine kwa kawa jeusi la Kipangani.

Fakihi akafunua jekundu, akala, akalamba vidole. “Hii ndiyo halua! Iliki, zafarani, inateleza yenyewe!” Akafunua jeusi, akamega, akatema. “Gundi ya viatu! Isiuzwe tena!”

“Isiuzwe!” watu wakaitikia.

“Basi funga duka, bwana,” Mwanakheri akasema. “Makawa niliyabadilisha.”

“Umenidanganya!”

“Mimi? Sikukwambia ipi ni ya nani. Wewe ndiye uliyeonja kwa macho.”