Kalunguyeye na Filimbi ya Bondeni

Leo nikiita "Mpira," nanyi itikieni "Uchezwe." Aliyeshiba aitike kwa sauti, mwenye njaa aitike kwa kichwa.

Mpira.

Uchezwe.

Wa wapi?

Wa Bondeni.

Basi sogeeni karibu, na wewe uliyeko nyuma, acha kumchokoza mwenzio.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana njiani, palikuwa na timu mbili za mpira. Moja ilikuwa ya Bondeni, ya wanyama wanaolala mashimoni na vichakani. Nyingine ilikuwa ya Majabalini, nayo ilikuwa ya nyani watupu. Baina yao palikuwa na kisima kimoja tu.

Kila mwaka, masika yakiisha, timu hizo zilicheza mechi ya kisima. Mshindi alikunywa kwanza kiangazi chote. Aliyeshindwa alikunywa mwisho, na kunywa baada ya nyani ni kunywa tope. Nyani hanywi tu akaondoka. Anaoga humo humo, tena na watoto wake.

Bondeni walikuwa wamekunywa tope mpaka wamesahau maji safi yana ladha gani.

Mwenyekiti wao alikuwa Ngiri. Ngiri alikuwa na moyo mzuri, lakini kichwa chake kilikuwa gunia lililotoboka. Akikimbia hatari, katikati ya njia husimama akajiuliza, "Hivi nilikuwa nakimbia nini?" Jambo moja tu hakulisahau. Kiangazi kilichopita mtoto wake wa mwisho alikunywa tope lile, tumbo likamvimba, wakakaribia kumkosa. Mkewe alimwambia, "Baba, mwaka huu mwanangu hanywi tope. Fanya ufanyavyo." Ngiri akaapa.

Sasa sikilizeni desturi ya Bondeni, maana humo ndimo hadithi imelala. Kocha wao alivaa shingoni filimbi ya mwanzi yenye kamba. Mwenyekiti ndiye aliyemvisha, na siku ya kumfukuza, mwenyekiti ndiye aliyemvua, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mashabiki. Filimbi ikiwa bado shingoni, kocha ni kocha, hata kama bonde zima limenuna.

Na kuvua walikuwa hodari. Mashabiki walikuwa na wimbo wao:

*Filimbi, filimbi, mvueni filimbi,*
*huyu si wetu, tuleteeni mwingine.*

Mwaka ule walianza na Duma. Duma akawafundisha kukimbia. Wakacheza mechi moja, wakafungwa. Wimbo ukaimbwa, Ngiri akamvua filimbi.

Wakamleta Korongo. Korongo akasema, "Mbio za nini? Simameni mguu mmoja, tulieni, mpira utakuja wenyewe." Wakacheza mechi moja, wakafungwa. Wimbo ukaimbwa, Ngiri akamvua filimbi.

Wakamleta Pundamilia. Pundamilia akasema, "Nguvu ya mnyama iko nyuma." Akawafundisha kupiga mpira kwa teke la nyuma. Wakacheza mechi moja, wakafungwa. Wimbo ukaimbwa, Ngiri akamvua filimbi.

Hapo timu ikawa kioja. Mpira ukianza, Mbweha anatimua mbio hata mpira hana. Nguchiro amesimama mguu mmoja kama anasubiri harusi. Digidigi amewapa mgongo wote, anarusha mateke hewani. Nyani walikuwa wanashuka kutoka Majabalini kuja kutazama mazoezi, wakiwa wamebeba na matunda ya kutafuna.

Makocha wakakataa kuja Bondeni. Nani avae filimbi ya kuvuliwa kesho?

Ndipo akaja Kalunguyeye. Mnamjua Kalunguyeye? Kadogo, kana miiba, kanatembea polepole kakinusanusa. Ngiri alimtazama akaona aibu kumpeleka mbele ya mashabiki.

"Wewe utatufundisha nini?" akamuuliza.

"Kwanza nataka kuona walichofundishwa," Kalunguyeye akajibu.

"Wamefundishwa upuuzi mtupu."

"Basi nitautazama huo upuuzi, Mwenyekiti. Ila nina ombi moja. Niache mpaka mechi ya kisima. Kabla ya hapo usinivue."

Ngiri akakubali, akamvisha filimbi. Kufika nyumbani, ile ahadi ilikwisha kumponyoka kichwani.

Wakacheza na swala mechi ya kirafiki. Wakafungwa. Wimbo ukapanda:

*Filimbi, filimbi, mvueni filimbi,*
*huyu si wetu, tuleteeni mwingine.*

Ngiri akatoka kifua mbele, akainamisha pua lake kubwa ili aivue filimbi. Kalunguyeye akajikunja. Kichwa ndani, miguu ndani, filimbi ndani, nje miiba tu. Ngiri alichomwa puani mpaka machozi yakamtoka.

"Mwenyekiti," sauti ikatoka ndani ya miiba, "uliniahidi mpaka mechi ya kisima."

Mashabiki wakaguna, wakaenda zao. Kesho yake mazoezi yakaendelea.

Wakacheza na tumbili. Wakafungwa tena. Wimbo ukaimbwa, Ngiri akatoka, Kalunguyeye akajikunja. Safari hii Ngiri alijiona mjanja. "Nitakaa hapa hapa," akasema. "Lazima atajikunjua akale."

Akakaa. Jua likamwakia kichwani. Akaanza kutazama vipepeo. Mwishowe akainuka akajiuliza, "Hivi nilikuwa nasubiri nini hapa?" Akaenda nyumbani kula mizizi, na Kalunguyeye akajikunjua, akapiga filimbi, akaita wachezaji wake.

Wakacheza na kenge. Jamani, na kenge, anayetembea akiburuta tumbo. Wakafungwa. Mashabiki hawakuimba tena, walinguruma. Mbweha mmoja mzee, babu yake yule mchezaji, akamwambia Ngiri, "Mviringishe mpaka kisimani umtumbukize. Kalunguyeye akilowa hujikunjua mwenyewe. Hapo shika filimbi."

Ngiri akaenda uwanjani kumtafuta. Alimkuta kwenye mazoezi, akasimama nyuma ya kichaka aone pa kumvamia. Na hapo, wasikilizaji wangu, Ngiri akaona mambo ambayo hakuwahi kukaa kuyaona, kwa sababu siku zote alikuwa akifika uwanjani kuvua filimbi tu.

Kalunguyeye alikuwa hafundishi kitu kipya. Alimwambia Mbweha, "Duma alikufundisha vizuri. Ila ulifukuziwa mwalimu kabla hajakwambia ukimbie lini. Subiri mpira utoke kwa Nguchiro, ndipo ukimbie." Akamwambia Nguchiro, "Korongo alikuwa na maana yake. Wewe kaa golini. Mtu akitikisika kulia na kushoto mbele yako, tulia. Weka miguu yote miwili chini, mwanangu, mmoja ulikuwa wa Korongo." Akamwambia Digidigi, "Teke lako ni zuri sana. Ila ulikuwa unalipiga ukiwa mbali. Nenda ukalipige mbele ya goli lao."

Wakajaribu. Mpira ukapotea. Wakajaribu. Mpira ukagonga mti. Wakajaribu tena, na mara hii Mbweha alikimbia wakati wake, Digidigi akageuka wakati wake, na teke lilisikika mpaka kule kichakani. Kalunguyeye alinusa tu hewani, akasema, "Tena."

Ngiri akatoka kichakani. Wachezaji wakatawanyika kwa woga. Kalunguyeye akamwona, akaona na njia ya kisimani nyuma yake, akaelewa amekuja kufanya nini. Lakini safari hii hakujikunja. Alinyoosha shingo.

"Vua, Mwenyekiti," akasema. "Nimechoka kukuchoma pua. Ila niambie kwanza, kesho unamvisha nani?"

Ngiri akafikiri. "Sijui."

"Atafundisha nini?"

"Sijui."

"Na yeye akifungwa na kenge?"

Ngiri akamkumbuka mtoto wake na lile tumbo lililovimba. Alitaka sana kushinda, na kwa kutaka sana alikuwa amevua filimbi kila alipoguswa na hofu. Alikuwa akikimbia bila kujua anakimbia nini. Aliona haya, na nawaambia ukweli, namheshimu Ngiri kwa haya ile, maana wenyeviti wengi hawanayo.

Akarudi kwa mashabiki mikono mitupu. "Nimeshindwa," akawaambia. "Ana miiba mikali mno." Akawaonyesha pua lake lenye makovu ya siku ile ya swala, wakamwamini.

Mpira.

Uchezwe.

Siku ya mechi ya kisima ikafika. Nyani walikuja na ngoma, wamekwisha kuwaleta na watoto kwa ajili ya kuoga. Mpira ulikuwa wa majani ya mgomba, umefungwa kamba ukakazwa. Bundi alikuwa mwamuzi, kwa kuwa hakuwa na undugu na upande wowote.

Mpira haujapata joto, nyani wakafunga goli. Mapumziko yakafika, Bondeni wako nyuma. Wimbo ukalipuka, mkali kuliko siku zote:

*Filimbi, filimbi, mvueni filimbi,*
*huyu si wetu, tuleteeni mwingine.*

"Mvue sasa hivi," mashabiki wakamwambia Ngiri. "Usituletee habari za miiba. Tutakusaidia kumshika."

Mkewe alikuwa pale, amembeba yule mtoto. Akamkazia Ngiri macho. Ngiri akahisi miguu inataka kukimbia. Lakini akaenda akasimama kati ya mashabiki na Kalunguyeye, akawaelekezea meno yake marefu.

"Niliwadanganya kuhusu miiba," akasema. "Aliniachia shingo wazi, mimi mwenyewe sikuvua. Nilimwahidi mpaka mechi ya kisima, na mechi haijaisha. Anayetaka filimbi apite kwangu kwanza."

Hakuna aliyepita. Kalunguyeye alisikia kila neno, lakini alikuwa anaongea na wachezaji, na hakugeuka.

Kipindi cha pili kikaanza. Mbweha akapenya, akasukumwa, wakapewa faulo, Digidigi akaitumbukiza. Wakawa sawa. Nyani waliacha kutafuna matunda.

Jua likashuka. Bundi akaanza kutazama angani. Nyani mkubwa akachomoka na mpira, akabaki yeye na Nguchiro tu. Akatikisika kulia. Nguchiro akatulia. Akatikisika kushoto. Nguchiro akatulia. Akapiga, na mpira ukamgonga Nguchiro kifuani, akaukumbatia.

Hakuutazama hata. Akamrushia Mbweha.

Mbweha akakimbia. Sasa alijua ni lini, akakimbia kama Duma mwenyewe, nyani wakibaki na vumbi. Mbele wakamzibia njia. Akaupenyeza kwa Digidigi, ambaye alikuwa amesimama mbele ya goli, ameligeuzia mgongo.

"Amegeukia kwao," nyani wakacheka, wakamwacha.

Digidigi akapiga teke la nyuma. Mpira ulipita juu ya kicheko chao, ukaingia.

Bundi akalia. Mechi ikaisha. Bondeni ikatetemeka kwa shangwe, na wale wale walioimba mvueni filimbi walikuwa wakimtafuta Kalunguyeye wambebe, ila hawakujua pa kumshika. Pembeni, chini ya miti, Duma, Korongo na Pundamilia walikuwa wamekuja kimya kimya kutazama. Kalunguyeye aliwaona, akawaita mbele ya wote.

"Goli hili lina mbio za huyu, utulivu wa huyu, na teke la huyu," akasema. "Mimi nilichowazidi ni miiba tu."

Wanyama wa Bondeni wakainamisha macho. Walikuwa na goli lile mkononi tangu mwanzo wa mwaka, wakalifukuza mara tatu.

Kisha Kalunguyeye akamwendea Ngiri, akanyoosha shingo. "Mechi ya kisima imeisha, Mwenyekiti. Ahadi yako umeitimiza. Sasa filimbi ni yako."

Ngiri akamtazama yule mnyama mdogo. Siku zote alikuwa amemwinamia kutoka juu, pua mbele. Leo alikunja miguu ya mbele, akapiga magoti vumbini, macho yao yakawa sawa. Akashika kamba ya filimbi kwa mdomo, taratibu. Hakuivua. Alikaza fundo.

"Mimi ni msahaulifu," akasema. "Kesho tukifungwa, huenda nikasahau siku hii. Kwa hiyo kila nitakapoinama kula nitapiga magoti hivi, mimi na wanangu, ili tukumbuke."

Jioni ile mtoto wake mdogo alikunywa kwanza kisimani. Maji yalikuwa safi mpaka akaiona sura yake, akashtuka, akarudi nyuma, halafu akanywa tena.

Ndiyo maana mpaka leo, ukimkuta ngiri anakula, utamkuta amepiga magoti. Wengine husema ni kwa sababu shingo yake ni fupi. Waacheni waseme, hawakuwapo.

Na funzo lake ni hili: ukimpa mtu kazi, mpe na muda wa kuifanya. Anayebadilisha mwalimu kila akifungwa hataonja alichofundishwa, na atakaposhindwa atadhani walimu ndio wabaya.

Bundi amelia, mpira umerudi kwa mwenyewe. Hadithi yangu nimeivisha filimbi, nanyi msiivue mpaka mmewasimulia wengine.