Chuo Kilichopigwa Lipu

Mwanamke mmoja alikuwa na chuo kisicho na nguzo ya umeme wala bomba la maji. Jina lake Nanzia. Alikijenga kwa udongo wa pale pale mlimani, akakiezeka kwa nyasi, akachimba mitaro ya kukinga mvua, akasimika sola moja ya kuwashia taa. Kuzunguka madarasa alipanda migomba, mipapai, viazi na maharage vikiwa vimechanganyika, kila mmea ukimfaa mwenzake kwa kivuli au kwa rutuba. Aliyefika mara ya kwanza alidhani shamba limetelekezwa. Watu wazima walikuja kujifunza pale namna ya kulima bila kuichosha ardhi.

Chuo kile kilikuwa na desturi moja. Masika yakiisha, kuta zikiwa zimelambwa na mvua, masomo yalisimama, na wote waliowahi kusoma pale walirudi kukandika. Walikanyaga udongo na samadi kwa miguu, wakazipaka kuta kwa viganja, wakala pamoja, wakabadilishana mbegu. Hata waliokosana walijikuta kwenye ukuta mmoja, na ni vigumu kumnunia mtu mnayechota naye udongo kwenye karai moja.

Miongoni mwao alikuwemo Senkondo. Alifika pale akiwa ameharibikiwa, shamba limekufa, mke ameondoka. Nanzia alimpa jembe na mahali pa kulala. Miaka ikapita, Senkondo akasimama tena, akawa mtu wa kutajika mjini. Alimpenda mwalimu wake kuliko wote, na hilo tusibishane. Basi mwaka mmoja, wakati wa kukandika, aliitazama mikono ya Nanzia, akaiona imezeeka na kupasukapasuka, na moyo ukamuuma. Akajiuliza, nyumba gani hii isiyotosheka?

Nanzia aliposafiri kwenda kumuuguza dada yake, Senkondo alileta lori la saruji na mafundi. Wakazipiga lipu kuta zote, ndani na nje, wakazipaka rangi nyeupe. Nanzia aliporudi alisimama uani. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha pale kwa muda, kisha akageuka, akasema ahsante. Senkondo alilia kwa furaha. Aliona amelipa fadhila, na mama yule hatasumbuka tena.

Masika yaliyofuata yakaisha, na hakuna aliyekuja. Waje kufanya nini, na kuta ni safi? Mwaka mwingine ukawa vivyo hivyo. Mbegu zikatobolewa na wadudu ndani ya vibuyu, maana hapakuwa na wa kubadilishana naye. Mitaro ikajaa matope. Senkondo alituma salamu, na jibu lilikuwa kwamba mwalimu hajambo.

Kisha ukuta wa darasa kubwa ukaanguka, mchana kweupe, jua likiwaka. Hapo watu wakachanganyikiwa. Mvua ilikuwa imekwisha, upepo haukuwepo, rangi haikuwa na doa. Wakavunja kipande kilichobaki, wakakuta udongo wa ndani umelainika kama uji. Unyevu ulikuwa umepanda kutoka ardhini kama ulivyopanda miaka yote. Zamani ulitoka nje kupitia ukuta wa udongo, jua likaukausha. Sasa ulikuta njia imezibwa, ukabaki humo humo.

Senkondo alikuja mbio. Aliokota kipande cha lipu, akakigeuza huku na huku, akakitupa, akakiokota tena. Alitaka kuomba msamaha na hakujua aombe kwa kosa gani. Akasema tu kwamba alitaka mwalimu apumzike.

"Nani alikwambia nimechoka?" Nanzia akamuuliza.

Senkondo alitaka naye kuuliza mbona basi mwalimu alishukuru, akaghairi. Akajaribu kuikumbuka sura ya mwalimu siku ile ya ahsante, ilikuwaje, alitabasamu au hakutabasamu. Hakuipata. Siku ile macho yake yalikuwa kwenye rangi.

Ndugu zangu, mfano huu nimeuzungusha kichwani mpaka kichwa kimeuma. Kuna siku namlaumu Senkondo. Kuna siku namlaumu Nanzia, maana naye aliweka mkono ukutani, akajua, akanyamaza. Ila niambieni, unamkataliaje mtu aliyekuletea upendo wake kwa lori? Nikifika hapo napotea kabisa, sijui nimhurumie nani, na ninyi msijifanye mnajua. Lakini wewe uliyemjengea mama yako nyumba ya vigae kule nyumbani, kisha ukarudi zako mjini na moyo mweupe: siku ile alipokushukuru, ulimtazama usoni?