Koili Nne za Mama Tumpale

Sogeeni karibu, na wa nyuma wasikie. Leo sikuleta hadithi ya kuwachekesha. Nimeleta kesi. Niliulizwa mimi kwanza, nikashindwa kujibu, na tangu siku hiyo naibeba. Nitaieleza kama ilivyotokea, kisha mtanisaidia.

Pale Kiwira, kando ya barabara ya kwenda Mbeya, kulikuwa na gereji ya marehemu fundi Anyosisye. Alipofariki alimwachia mkewe, Mama Tumpale, pamoja na mafundi watatu aliowafundisha mwenyewe. Mimi nilikuwa na duka la oili mkabala na geti lao, kwa hiyo mengi niliyaona kwa macho yangu.

Fundi wa kwanza aliitwa Ambakisye, na kipaji chake kilikuwa masikio. Gari likiingia getini alifumba macho, akasikiliza, kisha akamwambia mwenye gari ni gurudumu gani lenye beringi iliyokwisha. Alikuwa na miaka ishirini na miwili pale, na ufunguo wa stoo aliutunza yeye.

Wa pili alikuwa Sekela, mwanamke aliyesomea pia chuo cha ufundi. Kipaji chake kilikuwa kupima. Hakuamini jambo mpaka mashine imwambie, na mashine ikimwambia aliiuliza tena. Wateja wenye haraka walimkwepa. Wenye magari sugu walimtafuta.

Wa tatu, Lwitiko, alikuwa na mikono. Aliingiza mkono mahali ambapo jicho halifiki, akafungua nati kwa kuipapasa tu, huku anakusimulia habari za mpira. Kazi ya saa mbili aliimaliza kabla chai yake haijapoa.

Watatu hawa walikula sahani moja. Lwitiko alipooa, Ambakisye ndiye aliyesimama mbele ya wakwe kama kaka yake, na Sekela ndiye aliyempamba bibi harusi. Kumbukeni hilo tunapoendelea, maana bila hilo kesi hii ingekuwa nyepesi.

Sasa gari. Marehemu aliacha gari dogo la kijani lenye turbo, ambalo injini yake aliifunga kwa mikono yake. Turbo, kwa asiyejua, ni kifaa kinachosukuma hewa nyingi ndani ya injini ili gari lipate pumzi mlimani. Mama Tumpale alilipenda gari lile kuliko nyumba. Mwezi wa tano aliagiza koili mpya nne kutoka Dar es Salaam. Koili ndiyo inayoipa plagi umeme, na plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha mafuta. Ambakisye akazifunga, gari likaenda vizuri.

Mwezi wa saba likaanza kumisi, yaani kukatikakatika. Kwenye tambarare lilitulia kama maji ya mtungini. Lakini Mama akianza kupanda mlima wa kwenda Isongole, akakanyaga mafuta na turbo ikaanza kusukuma, injini ilikatika: pap, pap-pap, gari likashtukashtuka na nguvu ikapotea. Siku moja likamfanyia hivyo akiwa katikati ya kulipita lori la viazi, na mbele yake basi linashuka. Dereva wa lori ndiye aliyemwokoa kwa kukanyaga breki. Mama alirudi gerejini, akakaa kwenye benchi bila kuvua mkanda wa pochi begani.

Wiki hiyo hiyo aliwaita mafundi wake. Akanialika na mimi kama jirani, nisikie.

"Wanangu," alisema, "mimi nimechoka. Mwisho wa mwezi wa nane nahamia kwa binti yangu Songea, na nataka niende na gari la baba yenu, nikiendesha mwenyewe. Sina mtoto wa kiume wala wa kike anayetaka spana. Kwa hiyo nasema mbele ya jirani: atakayeliponya gari hili, likapanda Isongole bila kukatika, gereji hii ni yake."

Walitazamana, wakacheka kidogo, kila mmoja kwa aibu. Wakakubaliana kushirikiana, na Mama aamue mwenyewe mwisho.

Lwitiko alikuwa wa kwanza kusema. "Mimi naona ni pampu ya mafuta. Turbo ikisukuma, injini inataka mafuta mengi, pampu haiwezi."

Neno lilikuwa na akili, wakalifuata. Lwitiko akashusha tangi, akabadilisha pampu, akabadilisha chujio. Wiki mbili zikaisha katika kungoja vipuri na kufungua na kufunga. Gari likapandishwa Isongole. Pap, pap-pap.

Ndipo Ambakisye alipoomba kukaa kiti cha nyuma. Walipanda mlima mara tano, Mama kwenye usukani na yeye kafumba macho. Mara ya tano alisema, "Simamisha, Mama. Tumepotea njia. Injini inayokosa mafuta hulegea polepole, kama mtu anayesinzia. Hii hailegei. Hii inakatwa, kama mtu anayezibwa mdomo katikati ya neno. Mafuta yapo. Kinachokosekana ni moto." Wakaacha habari za pampu siku hiyo hiyo. Bila masikio yale, wangebadilisha tangi, mabomba na nozeli za kunyunyizia mafuta, na mwezi ungekwisha.

Sekela akaingia na mashine yake. Alipima msukumo wa mafuta mlimani, akakuta haushuki. Akapuliza moshi kwenye mipira ya hewa ya turbo, hapakuvuja popote. Akafunga plagi mpya na kuupunguza mwanya wa cheche. Gari likapata nafuu ya siku mbili, kisha likarudia ugonjwa wake. Mashine ilionyesha silinda ya pili ndiyo inayokatika zaidi. Basi akaihamisha koili ya silinda ya pili, akaiweka ya nne, na ile ya nne akaileta ya pili. Wakapanda mlima. Silinda iliyokatika sasa ilikuwa ya nne. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili.

Akazipima zote, moja moja, mara mbili. Kisha akamwendea Mama, na mimi nilikuwepo nimeleta oili.

"Mama, ni koili. Zote nne zimechoka, ila moja imezidi. Injini ikiwa haina mzigo zinatosha. Turbo ikisukuma, hewa inakuwa nzito ndani, cheche yao hairuki."

"Koili?" Mama alisema. "Si ni mpya? Si za mwezi wa tano?"

Sekela aliinamisha kichwa. "Hizi si mpya, Mama. Hizi zina miaka. Zimepakwa rangi tu juu."

Aliyezifunga alijulikana, mwenye ufunguo wa stoo alijulikana. Sekela hakumtaja mtu, lakini aligeuka akamtazama Ambakisye, na Mama akamtazama.

"Kaka," Sekela alisema, "kama kuna jambo, sema sasa."

Ambakisye aliwaangalia wote wawili. Lwitiko alikuwa chini ya gari lingine, miguu yake tu inaonekana, na spana yake ilikuwa imenyamaza.

"Miaka ishirini na miwili," Ambakisye alisema. Akautoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka juu ya boneti ya gari. Akavua ovaroli, akaikunja vizuri kama anayeipeleka dukani, akaondoka. Hakuna aliyemwita. Hata mimi sikumwita.

Koili za aina ile hazikupatikana Mbeya, wala Makambako. Dar es Salaam walisema zitakuja mwezi wa kumi. Mama alianza kufunga mizigo ya kusafiri kwa basi. Nilimwona akilifunika gari la kijani kwa turubai, na alikuwa analia, si kwa sababu ya gari. "Jirani," aliniambia, "Ambakisye nimemlea. Alimzika mume wangu."

Siku tatu baadaye, asubuhi, Lwitiko alikuja na furushi la kitenge. Hakumsalimia mtu. Alifunua turubai, akafungua koili nne, akafunga nne alizotoa kwenye furushi. Alidondosha nati mara mbili. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Akamwambia Mama, "Shikamoo. Panda, tujaribu."

Walipanda Isongole, Sekela nyuma na mashine magotini. Gari lilipaa. Halikukatika hata mara moja mpaka kileleni. Mama akaegesha kando ya shamba la chai, akazima injini, akasema, "Umezitoa wapi?"

"Kwenye gari langu, Mama. Ni zako."

Akasema yote pale pale. Gari lake lilikuwa na injini ya aina ile ile. Siku moja mwishoni mwa mwezi wa sita, mchana, mkewe Tusajigwe alishikwa na uchungu kabla ya wakati, damu ikawa nyingi, na kituo cha afya kikasema apelekwe hospitali Mbeya mara moja. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine. Gari la Lwitiko halikuweza kuupanda mlima kwa sababu ya koili. La Mama lilikuwa gerejini, lakini ufunguo wa kuliwasha alikuwa nao Mama, na Mama alikuwa Tukuyu msibani. "Nilikupigia simu mara tatu, hukupokea," alisema. Wenzake walikuwa wametoka kula. Basi alihamisha koili kwa dakika chache, zake akaziacha kwenye gari la Mama. Mkewe alifika. Mtoto alizaliwa, wote wawili wakapona.

"Nilitaka kuzirudisha kesho yake. Nikasema nikae hospitali kwanza. Nikasema wiki ijayo. Kisha nikaona hujagundua, nikazipaka zile za zamani rangi zifanane. Ulipokaribia kugongana na basi, niliogopa kusema. Ulipotaja gereji, niliogopa zaidi."

"Na pampu?" Sekela aliuliza kutoka nyuma. "Wiki mbili umetulaza chini ya tangi, ukijua?"

"Nikijua," alisema Lwitiko.

Sekela alifunika uso kwa mikono. Haya yote ya mlimani alinisimulia yeye baadaye, akasema hapo ndipo alipoumia kuliko yote, kwa sababu siku zile za pampu Lwitiko alikuwa anawaletea vitumbua vya Tusajigwe, wanakula wote, wanacheka.

"Ungeniomba," Mama alisema, "ningekupa gari zima. Ungeniambia hata baada ya mwezi, ningekukumbatia. Wewe ulikaa ukanitazama nikipanda mlima na kifo."

"Ndiyo, Mama."

"Na kwa nini leo?"

"Kwa sababu ya kaka Ambakisye. Nilipita kwake jana. Alikuwa anachonga mipini ya majembe. Aliniuliza, 'Wewe nawe unaamini nimeiba?' Nikaondoka, nikaenda kufungua koili za gari langu."

Mama alimtuma mtu amwite Ambakisye. Alikuja, hakukaa. Mama alimwomba radhi, Sekela akapiga magoti kabisa. Lwitiko akamwambia ukweli mbele yetu wote. Ambakisye alisikiliza hadi mwisho kama anavyosikiliza injini.

"Huyu aliiba, najua sasa kwa nini," alisema. "Mke akiwa anakufa, hata mimi sijui ningefanya nini. Lakini nyinyi, Mama na Sekela, hamkuwa na mgonjwa. Mlinitazama tu, mkaamini."

Mama alikuwa amebaki na siku nne kabla ya safari. Alitukalisha tena kwenye benchi, akawaambia kila mmoja aseme la moyoni.

Ambakisye alisema, "Mimi ndiye niliyewatoa kwenye mafuta nikawaleta kwenye moto. Nimekaa hapa kuliko wote. Mkinipa, nitaichukua. Lakini siwezi kufanya kazi na hawa tena. Watafute pengine."

Sekela alisema, "Masikio yalisema moto. Nani alisema koili? Bila kipimo changu Lwitiko angenyamaza mpaka leo. Kosa langu ni kumtazama kaka vile. Sikusema uongo hata mara moja."

Lwitiko alisema mwisho. "Sitajitetea. Lakini Mama, ulisema atakayeliponya likapanda Isongole. Limepandishwa na koili nilizofunga mimi, na gari langu sasa limekufa. Ningeweza kunyamaza, kaka akabaki mwizi. Sisemi nipewe. Sisemi pia kwamba siitaki. Nina mtoto."

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akanigeukia mimi. "Jirani, ulikuwepo nilipotoa neno langu. Kama ungekuwa wewe, ungempa nani?"

Nilikohoa, nikasema duka nimeliacha wazi. Nikavuka barabara. Mpaka leo naona haya nikikumbuka.

Basi nawauliza nyinyi, na msinijibu kwa haraka. Mmoja alisikia, mmoja alipima, mmoja alirudisha. Angekosekana yeyote kati yao, gari lingebaki chini ya turubai. Mmoja aliwasaliti wote, kisha akajianika mwenyewe ili kumsafisha mwenzake. Mmoja hakudanganya, ila alimshuku kaka yake. Mmoja hakukosa lolote, ila hawezi kusamehe, na akipewa gereji atawafukuza wenzake wote wawili.

Neno la mjane ni lile lile, hakulitengua. Nyinyi mliokaa hapa, gereji mngempa nani? Na wale mtakaowanyima, mngewaambia nini?