Anyamazaye Kisimani

“Anyamazaye kisimani naye kasikia.”

Mmelisikia neno hilo leo mazikoni, wajukuu zangu. Yule kijana mgeni alisimama bila kuinua mikono wakati wa dua, watu wakaanza kunong’ona, na mzee mmoja akawafunga midomo kwa methali hiyo. Sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Kwandoya, mchana wa Ijumaa, nami nilikuwa miongoni mwa walioshika kamba.

Ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua ya maana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mimba ya kwanza, na kila siku nilikwenda mwendo wa saa mbili kufukua maji kwenye mchanga wa mto. Tukipata debe moja tulishukuru. Ng’ombe walikuwa wamebaki ngozi na pembe.

Hapa kijijini aliishi mchimba visima aitwaye Sungi. Ujana wake wote aliumalizia mikoani, akichimbia misikiti na misheni visima. Aliporudi nyumbani, watu waligundua jambo moja: Sungi haswali, wala haendi kanisani, wala hatambiki. Alipoulizwa alijibu kwa upole, “Sijamwona wala sijamsikia. Nikisema namwamini nitakuwa nawadanganya, na nyinyi wenyewe mmenifundisha kwamba uongo ni dhambi.”

Hakumdhihaki mtu. Mwezi wa Ramadhani hakula mbele ya waliofunga. Krismasi aliwabebea Wakristo mabenchi. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa mswalihina, na Sungi ndiye aliyemtekea maji ya kutawadha. Kwa hiyo watu walimstahimili, maana shida ilikuwa haijafika.

Shida ilipofika, tuliomba mvua. Shehe Hatibu aliwapeleka Waislamu uwanjani, katekista Leonsi akawapeleka Wakristo, tukaomba siku tatu kwenye jua kali. Sungi hakuja. Alikuwa nyuma ya kilima anachimba kisima. Siku ya tatu mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda zao. Hapo mume wangu Ramia akasimama katikati ya watu.

“Mvua haishuki kwa sababu ya mtu mmoja,” alisema. “Sisi tunaomba, yeye anatutoboa mgongoni. Atamke mbele yetu kwamba anaamini, au Ijumaa ahame.”

Watu wengi waliitikia. Mimi pia niliitikia. Siwafichi, nilikuwa na kiu.

Mwanaidi alimlilia mumewe usiku na mchana. “Sema tu, baba. Ni maneno mawili. Tubaki na nyumba yetu.”

Sungi alimwambia, “Naweza kuyasema. Lakini watakuwa wamepata ulimi wangu tu, na wewe utakuwa umepata mume mwongo.” Akachukua mtaimbo wake, akarudi shimoni.

Ijumaa baada ya swala tulikwenda kisimani, kundi zima. Sungi alikuwa chini, futi hamsini na kitu. Mwanaidi alikaa peke yake mdomoni mwa kisima, kwenye gurudumu la mbao la kuvutia ndoo. Ramia aliinama akaita kwa sauti kubwa, “Sungi! Muda umekwisha! Unasemaje?”

Sauti ikapanda taratibu kutoka gizani. “Niko kwenye mwamba. Nisubirini kidogo.”

“Tumesubiri miaka mitatu!” Ramia akashika kamba kana kwamba anataka kuichomoa.

Shehe Hatibu akauweka mkono wake juu ya mkono wa Ramia. Mzee yule alikuwa amepita miaka sitini, mwembamba kama fimbo yake. Akasema, “Siwezi kumhukumu mtu ambaye simwoni uso. Nishusheni.”

Watu walimkataza. Hakusikia. Alivua kanzu, akabaki na shuka, akajifunga kamba kiunoni. Vijana wakamshusha, na mimi nikashika mkia wa kamba pamoja na wanawake.

Yaliyotokea chini alitusimulia Shehe mwenyewe, mara nyingi, na hakubadilisha hata neno.

Alisema kadiri alivyoshuka, joto lilibaki juu na kelele zetu zikafifia. Alipotazama juu, mbingu yote ilikuwa imebaki upana wa sahani. Sungi alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye jiwe pekee lililokuwapo.

“Karibu, Shehe.”

“Nimekuja kukuuliza jambo, Sungi.”

“Uliza. Lakini kwanza weka sikio lako hapa.”

Shehe akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mwamba. Mwanzoni alisikia moyo wake tu. Kisha, nyuma ya mapigo ya moyo, akasikia sauti nyingine. Ilikuwa chini sana na ilikuwa pana, kama watu elfu wanaotembea bila viatu, wanapita, wanapita, hawaishi. Ilikuwa sauti ya maji. Yalikuwa yakienda gizani, chini ya njaa yetu, chini ya ng’ombe wetu waliokufa, na bila shaka yalikuwa yakienda tangu kabla ya babu wa babu zetu.

“Subhanallah,” Shehe alisema, na paji lake la uso likaanguka kwenye mwamba.

Alipoinua kichwa alimwona Sungi. Amesimama wima, kiganja chake kiko ukutani, na machozi yanamteremka kwenye vumbi la mashavu.

“Umeyasikia tangu lini?”

“Tangu juzi.”

“Na ulipoyasikia ulisema nini?”

“Sikusema kitu, Shehe. Nyinyi mna neno la kusema. Mimi nimelitafuta na sina. Kwa hiyo nasimama hivi.”

Shehe hakuuliza tena. Alituambia baadaye, “Nimeswalisha miaka thelathini. Mara ngapi ulimi wangu ulikuwa unasoma na akili yangu iko kwa mbuzi zangu? Yule mtu hakuwa na sehemu yake hata moja iliyokuwa mahali pengine.”

Tulipomvuta Shehe juu, Ramia alimwahi. “Ametamka?”

“Amenyamaza.”

“Basi hajaamini!”

“Ramia,” Shehe alisema, na alikuwa bado analia, “anyamazaye kisimani naye kasikia. Shuka wewe mwenyewe.”

Ramia alishuka kwa hasira. Alikaa huko kitambo. Aliporudi juu hakumtazama mtu, hakusema neno, akaenda akashika kamba mbele ya wote, akajikita miguu.

Ndipo Sungi akapaza sauti kutoka chini. “Mwamba umebaki mwembamba. Nikiutoboa, maji yatapanda kwa nguvu. Mtakapoona kamba imetikiswa mara mbili, vuteni. Msichelewe.”

Tuliangaliana. Sisi tuliokuja kumfukuza ndio tuliokuwa tumeshika roho yake. Naye alijua, na bado tukasikia nyundo yake ikianza. Ngo. Ngo. Ngo. Mwanaidi alifumba macho, midomo inatembea. Leonsi alivua kofia akaja kushika kamba nyuma ya Shehe.

Kamba ikatikisika mara mbili.

Tulivuta! Viganja vilichunika, nikasahau mimba, nikasahau kiu. Chini palinguruma, na upepo wa baridi ukatupiga usoni kutoka ardhini. Sungi alitokeza akiwa ameloa hadi kifuani, na Ramia akamkumbatia kama mtu anayemtoa ndugu yake motoni. Nyuma yao maji yalikuwa yanapanda, meusi, yanang’aa, hayana haraka tena.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu mia na zaidi, na hapakuwa na sauti ila ya maji. Kisha Shehe akasujudu kwenye udongo. Leonsi akafanya ishara ya msalaba. Sungi aliketi ukingoni, akatazama tu. Hakuna aliyemwambia kitu, na tangu siku ile hakuna aliyemwambia tena atamke.

Mvua ilinyesha wiki sita baadaye. Wengine walisema ni dua, wengine walisema ni majira. Sungi alisema, “Imenyesha,” akaenda kupanda mtama wake. Aliishi hivyo hadi uzee, na hakubadilika. Alipofariki, Shehe, sasa mkongwe kabisa, na Leonsi walisimama kaburini wameshikana mikono, kimya, kwa sababu walijua hivyo ndivyo angependa.

Nami nilikaa na babu yenu Ramia miaka arobaini na mmoja. Mtu wa maneno mengi, mnamkumbuka. Mara moja tu nilimuuliza alisikia nini siku ile alipoweka sikio kwenye mwamba. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akatazama mbali mpaka chai ikapoa, na sikumuuliza tena, kwa sababu anyamazaye kisimani naye kasikia.